Sema "huyu", usiseme "wale": mwongozo kamili wa kumlea mtoto anayethamini tofauti za watu

Lubumbashi haikuanza na kabila moja. Mji ulipoanzishwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, shaba ilihitaji mikono mingi kuliko iliyokuwapo, na Union Minière, kampuni ya machimbo, ikaitafuta mbali: Kasai, Lomami, Rodezia ya Kaskazini ambayo leo ni Zambia, hadi Ruanda-Urundi. Ndiyo maana katika mtaa mmoja wa Katuba au wa Kenya, komuni za mji huu, utakuta Waluba wa Kasai, Waluba wa Katanga, Wabemba, Walunda, Wasanga, Walamba, Watetela na Wachokwe wakichota maji kwenye bomba moja, na wakigombana wanagombana kwa Kiswahili, lugha ambayo kambo zao (babu na bibi zao) wengi waliikuta njiani.

Kwa hiyo mtoto wa hapa hahitaji kupelekwa popote ili aone tofauti. Anaziona tangu akiwa mgongoni mwa mama yake. Kinachokosekana ni mtu mzima wa kumwonyesha namna ya kuzitazama. Mwongozo huu ni wa wazazi, na wa walimu wa materneli (shule ya chekechea) na wa madarasa ya kwanza ya primeri (shule ya msingi), wenye watoto wa miaka 3 hadi 8. Vifaa vyake ni udongo, katoni, shanga na uvumilivu. Nimeupanga nikijua kwamba darasa linaweza kuwa na watoto 60 na kitabu kimoja, hasa tangu shule za msingi za serikali zilipotangazwa kuwa za bure mwaka 2019.

Msimamo wangu nautoa mapema, maana kila hatua inatoka humo. Wengi wetu tunafundisha mada hii kwa kuanza na makabila: hawa wanacheza hivi, wale wanakula vile. Halafu tunashangaa mtoto akianza kuwagawa wenzake mafungu mafungu. Anza na mtu. Kabila litakuja lenyewe baadaye, likiwa sehemu ya habari za mtu ambaye mtoto ameshamfahamu.

Hatua ya 1: Safisha sentensi za nyumbani

Hii ndiyo hatua ngumu kuliko zote, na haimhusu mtoto hata kidogo.

Mwaka 2012 watafiti watatu wa Marekani, Marjorie Rhodes, Sarah-Jane Leslie na Christina Tworek, walitoa matokeo ya jaribio lao. Walichora kitabu cha picha kuhusu watu wa kubuni walioitwa Zarpies, wa rangi na maumbo ya kila aina, wakawasomea watoto wa miaka 4 na watu wazima. Kundi moja lilisikia sentensi za jumla, za namna ya "Zarpies wanaogopa wadudu". Kundi jingine, mbele ya picha zilezile, lilisikia habari za mmoja: huyu anaogopa wadudu. Waliosikia sentensi za jumla ndio walioanza kuamini kwamba kuwa Zarpie ni jambo la kuzaliwa nalo, linaloamua tabia ya mtu. Picha hazikubadilika. Kilichobadilika ni sentensi.

Sasa sikiliza nyumba yako kwa wiki moja. Usimkosoe mtu, sikiliza tu. Utasikia "watu wa Kasai wanapenda makelele", "Wabemba hawa ndivyo walivyo", "Mluba haachi pesa". Utasikia pia sifa: "hao wanajua kupika", "wale wana akili ya biashara". Sifa nayo ihesabu, kwa sababu inafundisha jambo lilelile, kwamba ukijua kabila umeshamjua mtu.

Wiki ya pili, anza kubadilisha zako mwenyewe. Jirani amefungulia muziki mpaka vyombo vinatetemeka? Sema: "Jirani yetu leo amezidisha sauti." Fundi amekupunja? "Fundi huyu amenipunja." Mama wa sokoni amekuongezea kapenta (dagaa) kwenye kopo? "Mama huyu ana mkono mzuri." Taja jina, taja kazi, taja tendo. Mwanzoni utajiona unasema kama mtu anayejifunza lugha ya kigeni, endelea tu.

Na ndugu je? Yule mjomba anayekuja Jumapili na utani wake wa makabila? Usimfundishe mbele ya watoto, utamwaibisha, naye atauongeza. Mwulize kwa upole, watoto wakisikia: "Unamsema nani, mjomba? Tunamjua?" Swali hilo linaitoa sentensi kwa "wale" na kuirudisha kwa "huyu" bila ugomvi. Mara nyingi mjomba hana mtu wa kumtaja.

Kuna sababu ya kulitilia mkazo jambo hili katika Katanga kuliko kwingine. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa kwa maelfu kutoka miji yetu, Likasi na Kolwezi hasa, wengine wakilala kwenye stesheni kungoja treni. Kabla ya mawe yalikuja maneno: waliitwa bilulu, wadudu. Mtoto wa miaka 5 hahitaji kusimuliwa habari hiyo. Lakini mtu mzima anayeikumbuka anajua kwa nini neno la kuwafananisha watu na wadudu au wanyama halipiti nyumbani kwake hata kwa mzaha, na asipitishe.

Hatua ya 2: Jibu palepale mtoto anapouliza

Mko ndani ya taksibasi. Anapanda papa mmoja mwenye ualbino, na mtoto wako, kwa sauti ya kusikika hadi kwa dereva: "Mama, juu ya nini huyu papa eko mweupe hivi?" Wengi tunamfinya. Mtoto anajifunza kitu kimoja kutokana na mfinyo huo: kuna aibu kwa yule mtu.

Kunyamaza hakumfanyi asione. Watafiti wa Uingereza walionyesha mwaka 2005 kwamba mtoto wa miezi 3 hukazia macho zaidi nyuso za aina aliyoizoea, ilhali mtoto aliyezaliwa siku chache tu hana upendeleo huo. Yaani jicho linajifunza mapema sana, kabla ya mdomo kujua kuuliza.

Jibu liwe la kweli, liwe fupi, na limalizike kwa mtu mwenyewe. "Papa amezaliwa na ngozi isiyo na rangi nyingi. Jua linamuunguza, ndiyo maana amevaa kofia. Msalimie." Basi. Hotuba haihitajiki. Akikuuliza kuhusu kijana anayetembea kwa magongo: "Miguu yake haina nguvu, magongo yanamsaidia kufika anakokwenda." Akikuuliza juu ya mwenzake mwenye kigugumizi: "Maneno yake yanachukua muda kutoka. Sisi tunangoja."

Usiseme "Mungu alimwonea huruma" wala "maskini". Mtoto atabeba huruma hiyo hadi uwanjani na kumgeuza mwenzake kuwa mtu wa kuhurumiwa badala ya mtu wa kucheza naye. Na kwa walimu: mtoto mwenye ualbino mara nyingi haoni mbali. Mkalishe mbele, karibu na ubao, mbali na dirisha la jua, na umruhusu kofia yake uani. Akiuliza mmoja kwa nini yule anapendelewa, mjibu kwamba kila mtu darasani anapata anachohitaji ili asome, kisha taja anachopata yeye mwenyewe.

Hatua ya 3: Majina

Kwetu jina ni hazina, na tunaipita haraka. Mtoto wa Kongo ana jina la ukoo, ana posnomu (jina la pili la asili), na mara nyingi ana prenomu (jina la Kikristo au la kigeni). Posnomu ilitiwa nguvu enzi za Mobutu, mwanzoni mwa miaka ya 1970, majina ya Kikristo yalipopigwa marufuku kwa ajili ya "otantisite", yaani kurudi kwenye asili ya Kiafrika. Prenomu zilirudi, posnomu ikabaki. Humo ndani kuna kambo, kuna mazingira ya kuzaliwa, kuna mapacha. Kwa Waluba wa Kasai mapacha huitwa Mbuyi na Kabanga. Kwa Wabemba, anayezaliwa baada ya mapacha huitwa Chola.

Kazi yenyewe: kila asubuhi watoto wawili tu wanasimama na kusema majina yao yote na nani aliwapa. Wakiwa 60, zoezi linachukua mwezi na zaidi, na ni sawa, kwa sababu kila mmoja anapata asubuhi yake. Siku moja kabla, mtume mtoto nyumbani na swali: "Jina langu limetoka kwa nani?" Asiyepata jibu asilazimishwe. Anaweza kusema analipenda jina lipi kati ya yake, au anapenda kuitwaje.

Jifunze kuyatamka. Mwalimu anayevuruga jina la mtoto kila asubuhi, na kucheka mwenyewe, anawapa watoto 59 ruhusa.

Kuna jambo la kuandaliwa mapema. Mujinga ni jina la heshima kwa Waluba, la mtoto aliyezaliwa kitovu kimemzunguka shingo. Katika Kiswahili chetu linasikika kama tusi, na darasa la kwanza halitaliacha lipite. Usingoje siku ya kucheka. Mama wa mtoto akikubali, mwalimu awe wa kwanza kusimulia, kwa sauti ya habari njema: "Alipozaliwa, kamba ya tumboni ilikuwa imemzunguka shingoni, na akafika salama. Watu wa kwao humpa mtoto kama huyo jina lake maalumu." Niliwahi kuona darasa zima likinyamaza kwa sentensi hiyo, halafu mvulana mmoja akauliza kama na yeye alikuwa na kamba. Walipoambiwa kwamba kila mtu alikuwa nayo, wote wakainua shati kutazama vitovu. Somo la siku likaishia hapo.

Hatua ya 4: Rangi za udongo

Kalamu za rangi za dukani zina moja wanayoiita "rangi ya ngozi", na si ya mtu yeyote unayemjua. Tengenezeni zenu.

Tafuta udongo mwekundu, udongo wa kichuguu uliosagwa (vichuguu vyetu ni virefu kuliko nyumba, hutakosa), pemba (udongo mweupe) ya sokoni, na unga laini wa makaa. Angalizo moja lisilo la mchezo: usichukue udongo karibu na bomba kubwa la moshi na mlima wake wa taka za shaba, wala kando ya vijito vinapooshwa madini. Udongo wa huko una risasi na metali nyingine zinazodhuru watoto. Chukua wa bustani ya mbali, uchekeche utoe vioo na misumari, na watoto wanawe kwa sabuni kabla ya kula chochote.

Chemsha uji mwepesi wa muhogo, uache upoe. Huo ndio gundi. Weka kila udongo kwenye kopo lake. Mpe kila mtoto kifuniko cha chupa, au kikundi cha watoto wanne ganda la kibuyu, na kijiti cha kukorogea. Agizo ni moja: tengeneza rangi ya mkono wako. Ajaribu kwa kupaka tone dogo upande wa ndani wa mkono, atazame, aongeze.

Usiwaambie watakachogundua. Wataanza karibu wote na makaa, kwa sababu wamesikia sisi ni weusi. Tone la kwanza litaonekana jeusi kabisa juu ya mkono, na hapo kelele zinaanza. "Hapana, mimi siko hivi!" Wataongeza udongo mwekundu, watazidisha, watarudisha pemba kidogo. Aliyejiita mweusi sana atakuta anahitaji mwekundu mwingi. Mwenye ualbino atakuta pemba tupu haifanani naye, anahitaji wekundu na tone la udongo wa kichuguu. Watu wa nyumba moja watakuta hawana rangi moja.

Kila mmoja apake rangi yake kwenye kipande cha katoni, aandike jina au alama yake nyuma, zianikwe zikauke. Kisha zipangeni ukutani zote pamoja. Usizipange kutoka nyeupe hadi nyeusi. Zipangeni kwa siku za kuzaliwa au kwa urefu wa majina. Ukizipanga kwa weupe umewafundisha ngazi, na jijini mwetu, ambako losheni za kujichubua zinauzwa kila kona, ngazi hiyo mtoto anaifahamu tayari.

Hatua ya 5: Lukasa ya kila mtoto

Waluba wa Katanga walikuwa na kitu kiitwacho lukasa: ubao wa mti, wa kushikwa mkononi, mwembamba kidogo katikati, umepigiliwa shanga na makombe. Wataalamu wa chama cha Mbudye waliushika kwa mkono wa kushoto, wakapitisha kidole cha kulia juu ya shanga, na kusimulia habari za wafalme, safari na koo. Shanga kubwa peke yake, shanga zilizozungukwa, mstari wa shanga: kila mpangilio ulikumbusha kitu. Msomaji mwingine, au siku nyingine, angeweza kusimulia tofauti. Ukiweza kuwapeleka watoto kwenye Makumbusho ya Taifa hapa mjini kuona kazi za mikono za Waluba na majirani zao, vizuri. Usipoweza, mchoro wa chaki unatosha.

Kila mtoto atengeneze wake. Kata katoni ngumu kwa ukubwa wa kiganja cha mtu mzima, ibane kidogo kiunoni. Vya kubandika: shanga zilizokatika, vifungo, mbegu za maboga, maharagwe, vipande vya kitambaa. Kisha maagizo, moja moja, ukingoja wamalize:

Chagua kitu kimoja kiwe wewe, ukiweke unapotaka. Weka wale unaoishi nao (usiseme "papa na mama", wengi wanaishi na kambo au shangazi, na wengine hawajui papa yuko wapi). Weka njia ya kuja shule. Weka kitu unachokiweza. Weka kitu kinachokuogopesha. Watoto wa miaka 3 na 4 waishie kwenye viwili vya kwanza.

Gundi ikikauka, kila mtoto amsomee mwenzake mmoja kwa kidole. Anayetumia mkono wa kushoto aushike kwa kulia na asome kwa kushoto. Hapo pana nafasi nzuri ya kumwachia mkono wake kwa amani, maana nyumbani wengi bado wanachapwa kwa ajili ya huo mkono. Unaweza kuheshimu adabu ya kupokea kwa mkono wa kulia bila kumkataza kuandika kwa ule anaouweza.

Siku ya pili ndiyo yenye thamani zaidi. Sasa mwenzake ndiye anasimama na kusimulia, ubao ukiwa mkononi mwake: "Huyu anaishi na kambo wake na yaya (ndugu wakubwa) wawili. Anapita kando ya reli. Anajua kupiga mluzi. Anaogopa mbwa." Mwenye ubao yuko pembeni, anasahihisha. Utaona jinsi watoto wanavyokaa wima wakisikilizwa namna hiyo. Na utaona darasa likianza kutambuana kwa mbwa na mluzi.

Msichanganye na kuuliza kabila katika zoezi hili. Mtoto akiliingiza mwenyewe, lipokee kama habari nyingine yoyote, kisha mwendelee.

Hatua ya 6: Lugha

Katiba ya 2006 inataja lugha nne za taifa: Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba. Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 nayo inakubali lugha za taifa na za mazingira ya mtoto zitumike kufundishia mwanzoni. Kwa hiyo mwalimu anayemchapa mtoto kwa kusema Kiswahili uani, ili ajue Kifaransa, hana sheria upande wake.

Fanyeni salamu zizunguke: wiki moja darasa linasalimiana "mwapoleni" ya Kibemba, nyingine "moyo" ya Tshiluba, nyingine "mbote", nyingine "jambo". Anayejua lugha hiyo nyumbani awe msahihishaji, akitaka. Nasisitiza akitaka. Mtoto si balozi. Kumsimamisha na kumwambia "tuambie nyinyi Watetela mnasemaje" ni kumvalisha bendera asiyoiomba, na watoto wengi wa Lubumbashi hawajui lugha ya kambo zao kabisa. Usimwaibishe anayejua Kiswahili tu. Kiswahili cha hapa, pamoja na "juu ya nini" yake na "anakulaka" yake, ni lugha ya mtoto huyo. Na anayetoka Goma au Kisangani akasema tofauti, asichekwe kwa sababu hiyo.

Hatua ya 7: Chakula

Fupi. Kanuni moja ya kufundisha: ruhusa ya kukataa, marufuku ya kudharau. "Hapana, asante, sijazoea" inakubalika. "Eeh, chafu!" haikubaliki. Viwavi vilivyokaushwa, kikanda cha mizizi, vitoyo (samaki wa chumvi), kinywaji cha munkoyo: kila kimoja kina mtoto anayekililia na mtoto anayekikimbia, mara nyingine ndani ya nyumba moja. Wenye haja ya kula peke yao kwa sababu ya dini waulizwe wazazi mapema.

Shuleni, angalia pia tofauti ya uwezo. Anayeleta vitumbula na maziwa ya boksi, na anayekuja mkono mtupu, wanajuana vizuri kuliko Mluba na Mbemba wanavyojuana. Ukiweza kufanya chakula cha asubuhi kiwe cha pamoja, hata karanga za kugawana, fanya.

Hatua ya 8: Wachanganye kwa kazi, usiwapange kwa aina

Mwaka 1997 Rebecca Bigler na wenzake walichapisha jaribio la fulana. Katika shule moja ya likizo Marekani, watoto walivaa fulana za buluu na za njano. Katika baadhi ya madarasa walimu walizitumia rangi hizo kila siku kupanga mistari na viti. Kwingine zilivaliwa tu, bila mwalimu kuzitaja. Baada ya wiki kadhaa, walipotajiwa rangi ndipo watoto walipoanza kuona kundi lao ni bora. Kwa hiyo acha "wavulana huku, wasichana kule" kwa kila jambo. Acha "wa Kenya wakae hapa, wa Kampemba pale". Na kabila lisitumike kamwe kupanga chochote.

Wape badala yake kazi ambayo mmoja hawezi peke yake. Mpira wa mifuko ni mzuri kuliko vyote. Wanne: mmoja analeta mifuko, mmoja anaikunja, mmoja anashika, mmoja anafunga kamba. Ukishika vibaya, mpira unalegea, na wote wanne wanacheza na mpira mbovu. Mtafiti Muzafer Sherif aliona jambo hilohilo mwaka 1954 kwenye kambi ya wavulana huko Oklahoma. Makundi mawili yaliyochukiana hayakupatana kwa kula meza moja, yalipatana maji yalipokatika na lori lilipohitaji kuvutwa kwa kamba na wote. Sisi wa huku habari ya maji kukatika hatuhitaji kusimuliwa.

Wabadilishe kila wiki mbili. Marafiki wawili wasioachana waache pamoja mara moja moja, siyo kosa.

Mfano wa kueleza upinzani usio na chuki mnao tayari nyumbani. Papa ni wa Lupopo, yaya ni wa Mazembe, timu zote mbili zimezaliwa mwaka 1939, na siku ya mechi sebuleni hakukaliki. Jioni wanakula bukari (ugali) moja. Mwulize mtoto: papa aliacha kumpenda yaya?

Hatua ya 9: Siku ya kucheka mwenzake

Itakuja, hata ukifuata yote. Fuata mpangilio huu. Kwanza simama upande wa aliyechekwa, kimwili, karibu naye, kabla hujamtazama mchekaji. Pili sema neno lenyewe lililotumika na kwamba halitumiki hapa. Usiseme "tabia mbaya" kwa ujumla. Tatu rudisha ukweli kwa sentensi moja: "Anaongea taratibu. Tunangoja." Nne mchekaji apewe kitu cha kutengeneza, kwa mfano kukaa naye kwenye mpira wa mifuko kesho. Kuomba msamaha kwa kulazimishwa mbele ya watu kunazaa kisasi cha uani.

Mtasikia: "Tulikuwa tunataniana tu." Utani tunao kweli, na ni mali yetu. Wabemba wana bunungwe, koo zinazoruhusiwa kutukanana hata msibani bila mtu kukasirika. Lakini utani huo una masharti: unajulikana na pande zote mbili, anayetaniwa anajibu, na wote wanacheka. Wafundishe watoto maswali mawili: amecheka? angeweza kukujibu? Jibu likiwa hapana hata kwa moja, huo si utani. Hata watoto wa miaka 5 wanaujua mtihani huu wakishauzoea, na watautumia kwako pia, jiandae.

Kuhusu sherehe za utamaduni

Shule nyingi hufanya siku moja ya ngoma na mavazi, halafu mwaka mzima kimya. Sina ugomvi na ngoma. Lakini sherehe hiyo ikiwa ndiyo somo lote, mtoto anabaki na picha ya Wachokwe wenye vinyago na hajui kwamba Mchokwe ni yule anayekaa naye benchi moja na kumwazima kalamu. Ukitaka kuifanya, iweke mwishoni mwa mwaka, na kila familia ilete kitu inachokifanya kweli nyumbani sasa: wimbo wa kubembeleza, namna ya kusuka nywele, mchezo wa mawe. Mama mmoja akileta namna ya kukunja kitenge cha kubebea mtoto, na mwingine akamwonyesha ya kwake, wakabishana ipi haiachii, hapo mna sherehe.

Mzazi akipinga

Utampata anayesema, "Mwanangu nimemleta asome, siyo kufundishwa makabila." Mkaribishe asubuhi ya majina au siku ya udongo, akae nyuma. Mwonyeshe kwamba humo ndani kuna kusimama mbele za watu, kuhesabu shanga, kupima, kusimulia kwa mpangilio, kusikiliza. Ni kazi za materneli zilezile. Mpe na yeye katoni.

Mwingine atapinga kwa sababu ana kidonda cha kweli, cha 1992 au cha jana. Huyo usishindane naye wala usimtaje mbele ya wengine. Mkae pembeni, msikilize hadi amalize. Kisha mwombe jambo dogo tu: akimsema aliyemwumiza mbele ya mtoto, amtaje aliyemwumiza, kwa jina lake kama analijua, na aishie kwake.